Paka Ndani, Maua Ndani

Safari hii sanduku la barua limejaa paka. Tangu niandike habari za maua ya kunukia yanayoota kutoka kwenye matunguu, kila barua ya pili inaishia na swali lilelile: "Lakini shangazi, mimi nina paka, nifanyeje?" Nimechagua zile zinazogusa wengi. Moja niliijibu kwa simu papo hapo, maana haikuwa ya kungojea gazeti litoke.

Shikamoo shangazi. Nina paka wawili: mmoja mzee asiyejali lolote, mwingine mtoto wa miezi minne anayetafuna kila kinachoning'inia. Nyumba yangu ni ndogo. Nimenunua matunguu ya hayasinti na ya nargisi, bado yamo mfukoni, na dada yangu ameahidi kuniletea shada la mayungiyungi meupe siku yangu ya kuzaliwa. Rafiki mmoja anasema nitupe vyote. Mwingine anasema niviweke juu ya kabati, basi. Nimsikilize nani? – Mama wa Wawili

Marahaba mwanangu. Huyo wa kabati msikilize kwa heshima, kisha usimfuate. Paka wa miezi minne hupanda pazia, akatoka kwenye pazia akaingia rafuni, na kitu kilichowekwa juu ndicho hasa kinachomwita. Kwenye nyumba ya paka mimi siulizi kwanza ua litakaa wapi. Nauliza ni ua gani.

Tuanze na zawadi ya dada, kwa sababu hiyo haina mjadala. Mayungiyungi halisi, yaani jamii yote ya Lilium, pamoja na Hemerocallis, lile ambalo kila ua lake hufunguka siku moja na kunyauka, huharibu figo za paka. Mbwa akilitafuna atatapika na mara nyingi yataishia hapo. Paka figo zake hufa. Wala usidhani sumu iko kwenye tunguu tu: jani lina sumu, petali ina sumu, chavua ina sumu, hata maji ya chombo ambamo maua yamesimama yana sumu. Na kinachohitajika ni kidogo mno.

Litazame yungiyungi lililofunguka. Katikati kuna vijiti sita, na kila kijiti kina kichwa cha rangi ya kutu kinachochezacheza ukikigusa. Pitisha hapo mkono wa shati jeupe uone doa linavyong'ang'ania. Sasa weka bega la paka mahali pa shati. Anapita karibu na chombo, anajisugua kama ilivyo desturi yake, halafu anakwenda kulala kwenye kochi na kujilamba kuanzia bega mpaka mkiani. Hajala ua, wala hutaona jani lililong'atwa. Na sumu imeshaingia tumboni.

Kwa hiyo mpigie dada yako leo, si siku yenyewe akiwa mlangoni na shada mkononi. Mwambie alete mawaridi. Waridi halina sumu kwa paka. La kuangalia ni miiba tu.

Hayasinti na nargisi ni habari nyingine. Zina sumu, ndiyo, lakini si sumu ya aina ile, na sehemu kubwa yake imo ndani ya tunguu lenyewe. Tunguu la hayasinti lina chembe kama sindano ndogo sana zinazochoma. Ndizo zinazowasha mikono ya watu wanaoyapanda bila glavu. Paka akilitafuna anatokwa na mate, anatapika, tumbo linamsokota. Nargisi ina alkaloidi inayoitwa likorini, na hiyo kazi yake kubwa ni kutapisha. Paka aliyeng'ata ncha ya jani atatapika na huenda asirudie. Paka aliyekula tunguu anaweza kutetemeka, shinikizo la damu likashuka, mapigo ya moyo yakavurugika. Huyo ni wa kwenda hospitali bila kusubiri.

Ungekuwa na yule mzee peke yake, ningekuambia panda. Panda kwenye udongo, si kwenye maji, tunguu lote lifukiwe, chungu kiwe kizito kisichoangushwa, na kikae kwenye chumba chenye mlango unaofungwa, uwe unakwenda kuyanusa paka akiwa nje ya mlango. Lakini kwa huyo mdogo sikushauri. Hujamjua bado tabia yake. Wape watu wasio na paka matunguu hayo, watakushukuru.

Wewe panda frizia. Hilo ndilo jibu langu la kweli kwa barua hii, na kwa nyingine nyingi nilizoziweka kando. Frizia huhesabiwa miongoni mwa maua yasiyo na sumu kwa paka, inaota kutoka kwenye vitunguu vidogo vyenye ncha, na harufu yake ni safi, ina utamu kidogo na ukali kidogo kama wa pilipili manga, haikuelemei kichwani. Unaweza kulala nayo chumbani. Hayasinti tatu kwenye chumba kimoja, usiku wa manane utaamka kuzitoa mwenyewe.

Kama unakoishi ni joto mwaka mzima, frizia itakusumbua, kwa sababu inataka usiku wa baridi ndipo itoe ua. Huko panda tuberozi. Asili yake ni Mexico, inapenda joto na jua, na yenyewe pia haihesabiwi kuwa na sumu kwa paka. Ina shina refu linaloweza kufika mita moja na maua meupe kama nta. Mchana inanukia kiasi. Giza likiingia ndipo inafungua mlango wote, maana wateja wake ni nondo wa usiku. Wanaolalamika kuwa tuberozi yao haina harufu, wengi wameinusa saa saba mchana.

Na huyo mtoto mpandie nyasi zake. Chukua punje za ngano au shayiri ambazo hazikutiwa dawa ya mbegu, zilowe usiku mmoja, zimwage kwenye bakuli pana lenye udongo, na baada ya wiki hivi ana bustani yake. Paka anapenda kutafuna majani, hilo huwezi kumfundisha kuliacha. Unaweza kumchagulia ya kutafuna. Paka wangu wa manjano hukata jani kwa meno ya pembeni, kichwa amekiinamisha upande, macho amefumba nusu. Akiwa na shayiri yake, frizia haitazami. Ikikauka shayiri, ndani ya siku mbili ncha za frizia zimekatwa kama kwa mkasi. Haimdhuru, ila ua langu linabaki na aibu.

Shangazi, jana usiku nimemkuta paka wangu na kipande cha jani la yungiyungi mdomoni. Alitapika mara mbili, asubuhi akaacha. Sasa amelala, anaonekana mzima. Mume wangu anasema yamekwisha, nimpe maziwa. Ni kweli? – Mwenye Wasiwasi

Hii ndiyo niliyompigia mwenyewe simu. Naichapisha kwa ajili ya wengine.

Mama, wasiwasi wako ulikuwa sahihi, na utulivu wa baba ndio uliokuwa wa hatari. Hivi ndivyo sumu ya yungiyungi inavyokwenda: saa chache za mwanzo paka anatapika, anatokwa na mate, anakataa chakula, anajikunyata. Kisha kutapika kunakoma. Mwenye paka anapumua. Ndani ya mwili lakini figo zimeanza kuharibika. Kati ya saa 12 na 24 paka huanza kunywa maji kuliko kawaida na kukojoa sana, halafu mkojo unapungua, na ndani ya saa 24 hadi 72 figo zinaweza kusimama kabisa. Akifika hapo wengi hawarudi.

Dawa ya kuipinga sumu hii haipo. Kilichopo ni kuiwahi. Matibabu yakianza kabla ya saa 18 kupita, paka ana nafasi nzuri ya kupona; kila saa inayozidi hapo inamla. Daktari wa mifugo akimpata mapema atamtapisha kwa dawa zake, atampa mkaa maalumu wa kunyonya sumu tumboni, kisha atamwekea dripu kwa siku mbili au tatu mfululizo ili figo ziendelee kusafishwa, huku akimpima damu mara kwa mara. Hii si sindano moja ya kurudi nayo nyumbani. Jiandae kumwacha huko.

Maziwa hayafanyi lolote. Usimtapishe mwenyewe, iwe kwa chumvi au kwa ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Vyote viwili vinaweza kumuumiza paka kuliko ulivyokusudia. Ukiona chavua kwenye manyoya, mfunge taulo asijilambe na umfute kwa kitambaa chenye maji mkiwa njiani. Chukua kipande cha mmea au upige picha yake, maana daktari atauliza ni yungiyungi gani. Usingoje dalili. Paka aliyeonekana na jani mdomoni ni mgonjwa tayari, hata kama anacheza.

Wa barua hii aliwahishwa. Alikaa kwenye dripu, vipimo vya figo vikatoka vizuri, amerudi nyumbani na hasira zake zote.

Nimeona yanauzwa mayungiyungi ya petali nyingi ambayo hayana chavua kabisa. Hayo si salama kwa paka? – Mpenda Meupe

Hapana. Chavua ndiyo njia rahisi ya sumu kumfikia paka, ila jani na petali na maji ya chombo bado vipo palepale. Yaliyozalishwa bila chavua ni zawadi kwa wenye vitambaa vyeupe mezani. Na wale wanaokata vichwa vya chavua kwa mkasi, jibu ni hilohilo.

Shikamoo. Nataka kuotesha hayasinti kwenye ile bilauri yenye kiuno, mizizi ishuke kwenye maji. Wanasema lazima ziwekwe kwenye friji kwanza. Muda gani? Nina paka mmoja mtu mzima, mpole, hajawahi kugusa mmea. – Bilauri

Marahaba. Muda wa baridi ni kati ya wiki 10 na 14, kwenye nyuzi joto kama 5 hadi 9, gizani. Bila baridi hiyo ua linachomoza likiwa limebanwa katikati ya majani, fupi, halifunguki vizuri. Yapo matunguu yanayouzwa yakiwa yameshatayarishwa na mkulima, hayo muda wake hupungua, muulize muuzaji.

Friji ya jikoni inafaa, kwa masharti mawili. La kwanza, usiyaweke pamoja na matufaha wala matunda yoyote yanayoiva. Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huua kichanga cha ua kilichojificha ndani ya tunguu. Utasubiri miezi mitatu upate majani matupu, umlaumu muuzaji bure. La pili, andika kwa herufi kubwa juu ya mfuko: MAUA, SI CHAKULA. Tunguu la hayasinti au la nargisi likikaa kwenye droo ya mboga ni kitunguu machoni pa yeyote mwenye haraka ya kupika, na nargisi imewahi kuingia vyunguni mwa watu na kuwatapisha familia nzima. Habari ya paka tumeisema sana hapa. Binadamu naye alindwe.

Ukiyatoa, subiri ncha iwe imechomoza kama sentimita 3 au 4, ndipo uilete kwenye mwanga polepole. Maji yawe chini kidogo ya kitako cha tunguu, yasiliguse, litaoza. Mizizi yenyewe itayafuata.

Sasa paka wako mpole. Bilauri ya hayasinti ni kitu kizuri kupita kiasi: mizizi myeupe imening'inia kwenye maji kama ndevu, tunguu la zambarau limekaa shingoni, mwanga unapita. Tatizo ni kwamba ile sehemu yenye sumu nyingi kuliko zote, tunguu, ndiyo iliyoanikwa hapo uchi, kwenye chombo chembamba ambacho mkia mmoja unatosha kukiangusha. Mpole haimaanishi hana mkia. Kama una chumba cha kufunga, otesha humo. Kama huna, tumia chungu chenye udongo, ufukie tunguu mpaka ncha tu ionekane, na uweke kokoto kubwa juu. Utapoteza uzuri wa mizizi. Harufu hutapoteza.

Na vaa glavu. Wengi wanasema hawahitaji, mpaka siku wanapojikuna shingo kwa mkono ulioshika matunguu.

Shangazi, nargisi zangu za kwenye maji zinarefuka na kuanguka. Nimesikia ukitia pombe kidogo kwenye maji hazirefuki. Ni uzushi? – Mashina Marefu

Si uzushi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walilipima jambo hilo na kukuta kwamba pombe ikiwa asilimia 4 hadi 6 ya maji, mashina yanabaki mafupi kwa karibu theluthi moja na maua yanatoka kama kawaida. Pombe kali ya asilimia 40, sehemu moja kwa sehemu saba za maji, inakupa kipimo hicho. Unaanza nayo ncha zikiwa zimeshachomoza na mizizi imeshika, si siku ya kwanza. Bia na mvinyo usitie, sukari yake itaozesha kila kitu.

Ila hukusema kama una paka. Kama unaye, usifanye hivyo. Bakuli la kokoto na maji ni kisima kwa paka. Wengi hupenda kunywa hapo kuliko kwenye bakuli lao. Maji ya nargisi tayari si ya kunywa, na pombe ni sumu nyingine juu yake, kwani mwili wa paka ni mdogo na kidogo tu kinamlewesha vibaya. Zifunge mashina kwa uzi kwenye kijiti, uziweke mahali penye mwanga mwingi na ubaridi kidogo. Zinarefuka kwa sababu zinatafuta jua.

Nilifuata ushauri wako nikapanda frizia. Zimeota majani kibao, yamelala chini yote, na maua yametoka matatu tu, mekundu, hayanukii. Umenidanganya? – Niliyevunjika Moyo

Sijakudanganya, tuulizane vizuri. Barua yako haikusema uliziweka wapi, lakini majani yamekueleza: chumba kina joto na mwanga ni hafifu. Frizia inatoka sehemu za kusini mwa Afrika zenye mvua wakati wa baridi. Kitunguu chake kinahitaji mambo mawili yanayopingana. Kikiwa kimelala, kikavu, kinataka joto kali la wiki nyingi ili usingizi ukatike. Kikishaota kinataka ubaridi, hasa usiku, kama nyuzi 10 hadi 15, ndipo kichanga cha ua kiumbike. Ukikipa joto wakati huo kinajenga majani tu. Kwa hiyo majani yakishafika urefu wa kiganja, peleka chungu mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani na penye jua la kutosha: dirisha la chumba kisichopashwa joto, au baraza iliyofunikwa. Usikiweke karibu na jiko, wala nyuma ya televisheni.

Kuhusu kulala, hiyo ndiyo tabia yake hata ikiwa na afya. Chomeka vijiti pembeni ya chungu mapema, zungushia uzi, na majani yanayofuata yatapanda humo. Weka vitunguu sita au vinane kwenye chungu cha sentimita 15, ncha juu, kina cha sentimita 5. Msongamano huo unasaidia, vinashikana. Shina la ua nalo litajipinda kwenye shingo na maua yatajipanga upande mmoja yakitazama juu, moja likifunguka baada ya jingine. Usilinyooshe. Limeumbwa hivyo.

Harufu. Frizia hazinukii zote sawa. Nyingine zimezalishwa kwa ajili ya macho, na katika kuchagua rangi, harufu ikaachwa njiani. Zinuse kabla ya kulipa kama zinauzwa zikiwa na maua. Lakini kabla hujatupa hizo nyekundu mwite mtu mwingine azinuse. Wapo watu ambao pua zao ziko timamu kwa kila kitu isipokuwa frizia. Wao hawaisikii kabisa, na wa pembeni yao anasikia chumba kizima kinanukia. Ukiwa mmoja wao, pole, hakuna dawa. Rudi kwenye tuberozi.

Kwa nini nihangaike na matunguu? Si ninunue tu mafuta ya maua na kile kifaa cha kufukizia, paka asile kitu? – Njia ya Mkato

Hiyo njia ya mkato inapita kwenye ini la paka. Ini lake lina upungufu wa vimeng'enya vya kuvunja kemikali nyingi zilizomo kwenye mafuta hayo, kwa hiyo kinachokupumzisha wewe kinamrundikia yeye. Kifaa kinachorusha mvuke hutoa matone madogo ambayo hutua juu ya manyoya, na yanayotua juu ya manyoya hulambwa. Mafuta ya mti wa chai ni mabaya sana, na ya mdalasini, karafuu, mnanaa na maganda ya machungwa yamo kundini. Ua hai linatoa harufu kidogo kidogo hewani. Chupa ni maua mengi yaliyokamuliwa mpaka yakawa tone moja.

Kama hutaki matunguu, panda asumini. Jasminum haina sumu kwa paka na inanukia kuliko mimi ninavyoweza kuandika. Angalia tu jina kwenye kibandiko. Kuna mmea unaotambaa, wenye maua ya njano, unaoitwa Gelsemium, ambao wauzaji wengine huuita asumini ya njano. Huo ni sumu kali kwa paka, mbwa na watoto. Muuzaji asiyeweza kukutajia jina la kisayansi, ahirisha kununua kwake.

Na kwa kuwa nimefika kwenye majina: ua dogo jeupe la kengele, linalonukia sana, Convallaria majalis, watu huliweka kundi moja na mayungiyungi. Si ndugu zake, wala halishambulii figo. Linashambulia moyo. Katika nyumba ya paka nalo halina nafasi.

Paka wangu hali majani, anachimba. Kila nikipanda tunguu, kesho yake liko sakafuni. Nimejaribu pilipili, naftalini, mashapo ya kahawa. Bado. – Mchimbaji

Ondoa naftalini leo. Ni sumu kwa paka hata kwa kuivuta tu. Mashapo ya kahawa nayo ondoa, kafeini si yake. Pilipili inamuingia machoni anapojisafisha kwa mkono, na hilo halimfundishi chochote kwa sababu hajui limetoka wapi.

Sasa niambie mbolea uliyotia. Nakisia ni unga wa mifupa au damu kavu, kwa kuwa ndiyo inayopendekezwa kwa matunguu kila mahali. Kwa pua ya paka umezika nyama, na anachofanya ni kuifukua. Unga wa mifupa ukiliwa kwa wingi unaweza kugandamana tumboni kama saruji. Badili udongo wote, usitie mbolea yoyote yenye asili ya mnyama. Tunguu limekuja na akiba yake ya chakula ndani. Kwa ua la kwanza halikuhitaji.

Kisha kata kipande cha wavu wa kuku ulingane na mdomo wa chungu, ukilaze juu ya udongo, ufunike kwa udongo wa kidole kimoja, na juu yake kokoto kubwa ambazo paka hawezi kuzisogeza kwa mguu mmoja. Kingo za wavu zikunje kwa ndani zisimchane. Machipukizi yatapenya kwenye matundu bila shida. Maganda ya kakao yanayouzwa kama matandazo usiyatumie, yana kemikali ileile inayofanya chokoleti iwe sumu kwa wanyama. Na kama chungu kinakaa nje, vidonge vya kuua konokono vyenye metaldehaidi visikaribie hapo; paka huvila na huingia kwenye degedege.

Halafu kagua choo chake. Paka anayechimba kila chungu mara nyingi anakuambia mchanga wake mchafu, au sanduku ni dogo, au limewekwa mahali pasipo na faragha. Safisha kila siku, uongeze la pili upande mwingine wa nyumba, ndipo upande frizia tena.